Mama Inès Hapiti Tena Kijiweni

Kijiwe cha Barabara ya Umbilo, Durban, hakina jina, kina benchi tu. Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha taxi iliyokufa, na sasa limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la Ladislas, fundi cherehani kutoka Burundi. Asubuhi Tito Mtanzania hufika na birika lake la kahawa ya tangawizi, na wenye kijiwe huanza kujikusanya. Kuna Bertrand, anayeitwa Docteur kwa sababu zamani alilinda mlango wa duka la dawa kule Bujumbura. Kuna Audace, jina la kijiweni Breki, dereva ambaye hawezi kumpita mtu anayemfahamu bila kusimamisha gari. Ladislas hukaa mlangoni na cherehani yake, mwili ndani, masikio nje. Asubuhi hiyo mjadala ulikuwa juu ya mke wake, na yeye yupo palepale.

— Papa Inès, alianza Breki, Mama Inès iko wapi? Siku mingi simuoni kupita.

— Yupo nyumbani, alisema Ladislas.

— Iko bien?

— Iko bien.

Nusu ya jibu lile ilikuwa uongo. Libérate, mkewe, alikuwa mzima, ila nyumbani hakuwepo.

Mwaka juzi hospitali walimkata titi la kushoto kwa sababu ya kansa. Ladislas mwenyewe ndiye aliyemshonea kimto cha pamba cha kuweka ndani ya sidiria, akakifumua na kukishona upya mpaka kikakaa sawasawa. Kisha dawa zikamnenepesha. Magauni yakambana, na Ladislas akawa anafungua mishono, gauni moja baada ya jingine, na kila mshono aliofungua alimshukuru Mungu. Mama yake Ladislas alikufa kwa ugonjwa huohuo kule Ngozi, Burundi, na mwishoni alikonda hata wakawa wanambeba kama mtoto mchanga. Kwa hiyo unene wa Libérate ulikuwa faraja yake. Usiku alimgusa mkono, akaukuta umejaa, akalala usingizi.

Ndipo nesi wa kliniki akaharibu mambo. Alimwambia Libérate kwamba uzito ule si rafiki yake, unaweza kuusaidia ugonjwa urudi, na kwamba atembee kila siku, mwendo wa kumfanya aheme lakini bado aweze kuongea.

— Nesi yule bado mtoto, alisema Docteur asubuhi hiyo kijiweni, akipuliza kahawa yake. Mimi nimeona dawa miaka. Dawa ya kansa inakaa ndani ya mafuta. Ukitoa mafuta, dawa inatoka na jasho. Unabaki na nini? Na ugonjwa peke yake.

— Eish, alisema Breki. Mimi naogopa upepo. Huu upepo wa Durban unaingia pale penye kovu, unashuka mpaka kwa mapafu. Na halafu ule ugonjwa umelala. Mtu amelala, wewe unapita karibu yake unakanyaga tu, tu, tu. Hataamka?

— Nyie mmechelewa, alisema Tito. Swali ni nani anafaidika. Vitanda vya hospitali za huku vyembamba, mimi mwenyewe nimelala. Wanataka watu wote wapungue waenee. Wanaanza na wagonjwa, kesho watakuja kwangu na kwako.

— Kwako watasubiri sana, ndugu yangu, alisema Docteur. Wewe unaenea hata kwenye droo.

Walicheka. Ladislas naye alicheka kidogo, akaendelea kukanyaga cherehani.

Hakuna hata mmoja wao aliyemtakia Libérate mabaya. Hilo ndilo lililokuwa baya. Kwao, mtu aliyetoka kitandani hukalishwa, hulishwa, huondolewa mzigo mkononi, na anayemwacha atembee juani huonekana hana utu. Njia ya Libérate ilipita mbele ya benchi. Akitokea tu, Docteur alikuwa ameshampokea mfuko. Tito alimmiminia kahawa na kuijaza sukari. Breki alifunga breki katikati ya barabara, robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa ya kijani, akamfungulia mlango. Na Ladislas, mumewe, aliagiza sambusa. Angekataaje mama wa watu? Angeonekana anaringa. Basi alikaa, akala, akashukuru, akarudishwa nyumbani kwa gari.

Jioni moja alimwambia Ladislas:

— Twende wote. Wakiniona na wewe hawatanisimamisha.

— Watasema nini, alijibu Ladislas, wakiniona namkimbiza mke mgonjwa barabarani?

— Mimi si mgonjwa, Papa Inès. Nilikuwa.

Alingoja kidogo, halafu akaingia jikoni. Tangu wiki ile akawa anatokea mlango wa nyuma. Ladislas aliusikia mlango kila asubuhi na hakuuliza. Juzi Libérate alimletea gauni la kijani, akamwomba alipunguze kiunoni. Ladislas alilipokea, akalisukuma chini kabisa ya vitambaa vya wateja. Aliogopa kulipima.

— Labda amekwenda kwa nabii wa Isipingo, alisema Breki. Yule anayeombea watu kwa maji.

— Ama ameanza kufunga, alisema Docteur. Mwanamke akianza kupungua bila sababu, kuna sababu.

— Shemeji yetu hana hayo, alisema Tito. Mimi nasema tumpelekee uji wa karanga. Tuchange, tupeleke wote, aone tuko naye.

Wazo la uji lilipendwa. Walikuwa wanabishana kama uwekwe maziwa au siagi, mwanamke mgeni aliposimama mbele yao na sketi mkononi. Alisema anaitwa Rhoda, kutoka Mwanza, amehamia karibuni kwenye maghorofa ya nyuma, na ameambiwa hapa kuna fundi.

— Shikamooni.

— Marahaba, alisema Tito. Fundi ndiye huyo. Ngoja kidogo, tuna jambo la mgonjwa.

— Nimesikia mkimtaja. Ni yule mama anayezunguka bustani ya umma asubuhi? Mnene kiasi, mkono wa kushoto anaunyooshanyoosha? Mimi hukatiza pale nikienda kazini. Juzi alikuwa anatembea huku analia, nikadhani amefiwa. — Rhoda aliwatazama wote wanne. — Kwani hana mtu wa kutembea naye?

Docteur aliangalia ndani ya kikombe chake. Breki alitazama robot. Tito aliinua birika amwongeze mtu, akakuta kahawa imekwisha. Ladislas alitoa mguu kwenye kanyagio, akasimama, akatoka dukani bila kufunga.

Bustanini yeye ndiye aliyemwona kwanza. Libérate alikuwa anakwenda mwendo ambao Ladislas hakujua kwamba anao, mikono inapiga mbele na nyuma, jasho shingoni, midomo inaimba taratibu wimbo wa kwaya. Uso wake ulikuwa umefunguka. Ladislas alikuwa ameusahau uso ule, na alipouona alitamani kulia.

Kisha Libérate akamwona. Miguu ikapungua mwendo. Alitazama huku na huku, akaliendea benchi lililokuwa karibu, akakaa, akaweka mikono mapajani.

— Napumzika, Papa Inès, alisema, akihema. Nilikuwa nimekaa tu.

Angemtukana, ingemuuma Ladislas kidogo kuliko vile. Libérate aliitazama mikono ya mumewe, akitafuta alichomletea kula.

— Sikuleta kitu, alisema Ladislas. Nimekuja tutembee.

Libérate alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, na akachukua muda mrefu kujifuta.

— Nilikungoja sana, alisema. Kila siku nilisimama pale nyuma ya mlango kwanza, nikasikiliza kama unavaa viatu.

— Najua.

— Ulikuwa unajua?

Libérate alishika ukingo wa benchi, akainuka mwenyewe, akaanza tena kutembea. Hakumwambia njoo, wala hakumwambia baki. Ladislas alimfuata nyuma, tepe ya kupimia bado iko shingoni, pumzi zinamwishia, na Libérate hakupunguza mwendo.