Otilia Tafoya, Mwanasaikolojia Aliyeruhusiwa Kuandika Dawa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Evaristo, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome haya ingawa wanajua sina ulimi wa asali.

Dada yetu Otilia Tafoya alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Mora, New Mexico, akasoma shule ya hapa hapa, kisha Albuquerque, alikohitimu udaktari wa saikolojia mwaka 1980, akarudi nyumbani wakati wenzake wakikimbilia mijini. Alifunga ndoa na Abelardo Madrid, fundi wa kuchomelea, tarehe 6 Juni 1981, wakajaliwa Ximena na Tobías.

Kwa miaka ishirini alitibu kwa mazungumzo tu, kwa kuwa mwanasaikolojia hakuruhusiwa kuandika dawa, na daktari wa akili wa karibu alisubiriwa miezi mitano. Mwaka 2001 mgonjwa wake Delfino Lucero, mfuga kondoo, alijitoa uhai zikiwa zimebaki wiki tatu zamu yake ifike.

Sheria ilipobadilika mwaka uliofuata, dada alirudi darasani na miaka yake hamsini na moja, akapata kibali mwaka 2006. Wanasaikolojia wenzake wakasema amewasaliti, na Daktari Whitcomb, daktari wa akili aliyeketi pale safu ya pili, akamwambia mbele ya umati kwamba akishapata vidonge hatasikiliza tena mtu. Haya, nani hakusikilizwa? Kila mgonjwa mpya aliambiwa aje na dawa zake zote kwenye mfuko, azimwage mezani, aeleze kila moja kaandikiwa na nani na kwa nini, na wengi walipunguziwa taratibu, daktari wao akiwa amepigiwa simu kwanza.

Januari 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na huzuni ikamwangusha kuliko maumivu. Kuna jamaa wameniomba niruke hapa. Siruki. Dada hakujiandikia dawa, alikwenda kwa Whitcomb yule yule, akamwambia, "Nimependa mazungumzo maisha yangu yote, kwa hiyo hapa sijiamini. Amua wewe." Whitcomb akamwandikia vidonge, akamtafutia na mtu wa kuzungumza naye kila Alhamisi, na dada akafuata vyote viwili hadi tarehe 9 Oktoba, alipofariki nyumbani, Abelardo akiwa amemshika.

Tunamshukuru Daktari Whitcomb, aliyemwomba radhi akiwa hai, wauguzi, majirani walioleta posole, ile supu yetu ya mahindi na nyama, na wafanyakazi wenzake, hata wale waliomsema. Na ninyi mlioficha vidonge vyenu mifukoni kwa aibu, saa ya dawa ikifika vimezeni humu humu kanisani, mbele yake, maji yapo mlangoni.

Lala kwa amani, dada.