Waume Waliofagiwa na Simu

Suva, mji wa bandari kisiwani, nyuma ya soko, kuna benchi refu lililoegemea ukuta wa duka la vitambaa, chini ya bati linalovuja mahali pamoja tu, na kila mwenyeji anajua asikae wapi. Losalini huuza kahawa kwenye dirisha la pembeni. Mchana wateja wake ni wale wale watatu wanaoshuka kutoka ofisi ndogo ya programu ghorofani: Praveena, mwenye ofisi; Apakuki, aliyebandikwa jina la Mabano kwa sababu hufungua hadithi ndani ya hadithi na hafungi hata moja; na Rajneel, anayeitwa Wingu, maana ukimuuliza kitu kiko wapi, hata kama ni kijiko chako, atakwambia kiko juu kwenye wingu. Ijumaa ile mvua ilikuwa haijakata tangu alfajiri, na roti ya Praveena, chapati yake ya mchana, ilikuwa inapoa mapajani bila kuguswa.

Alikuwa na sababu. Walikuwa wanatengeneza programu ya simu kwa chama cha akina mama wasusi wa mikeka, nayo ilitakiwa ipitishwe na mkutano Jumamosi. Chama kikiikataa, kazi ingehamia Auckland, ng'ambo ya bahari, na ofisi ingebaki na feni na kalenda. Jana yake mwenyekiti wa chama, Mama Torika, alisimama mbele ya kamati akafungua jina lake kwenye programu. Jina likatokea, kijiji kikatokea, na palipoandikwa mume pakawa patupu. Wenzake wakafungua ya kwao. Patupu, patupu, patupu. Waume wote wa chama walikuwa wametoweka. Inasemekana wawili watatu walipiga makofi.

Kosa lilikuwa la Praveena na alilijua. Ndani ya programu kila mtu hutangaziwa sifa zake, jina, kijiji, mwenzi wake, na kila sifa hutangaziwa namna ya kushikwa. Inayoshikwa kwa nguvu haitoki. Inayoshikwa kwa ulegevu, simu ikiona hakuna mwingine anayeishikilia, huifagia nje ipate nafasi. Mwanzoni alikuwa amemtangaza mke amshike mume kwa nguvu, na mume naye amshike mke kwa nguvu. Ikawa hakuna anayemwachia mwenzake hata ukurasa ukifungwa, wanandoa wakarundikana ndani hadi simu zikaganda. Jumanne, kwa hasira, akatangaza ulegevu pande zote mbili. Wake walisalimika kwa kuwa orodha ya wanachama iliwashika. Waume hawakuwa kwenye orodha yoyote. Wakafagiwa.

— Basi mmoja ashike kwa nguvu na mwingine kwa ulegevu, alisema Mabano. Kamba hukatikia pembamba.

— Hiyo methali inahusu nini? alisema Wingu.

— Inahusu kamba. Na ndoa ni kamba. Mjomba wangu kule Levuka alikuwa na kamba moja ya kufungia nguruwe, sasa huyo nguruwe, mama yake mzaa chema...

Praveena akamkata. Alitaka jambo moja tu: nani awe mlegevu? Akitangaza mume amshike mke kwa ulegevu, atasimama vipi mbele ya akina mama kesho awaeleze? Akigeuza, wake ndio wawe walegevu, Mama Torika atamvunjia simu kichwani.

Wingu akasema dawa ni nakala. Kila mke apewe nakala ya mume wake, aihifadhi mwenyewe, asimtegemee yule wa asili. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

— Yule wa asili akihama kijiji? aliuliza Praveena.

— Nakala haihami. Inabaki pale pale ilipokuwa.

— Akifa?

Wingu akafikiri. Akakubali kwamba nakala itaendelea kuishi, pengine hata kupiga kura.

Mabano akasema hilo si tatizo, tatizo ni kwamba waume wanaweza kubadilishwa. Mume atangazwe wa kusomwa tu: unamtazama, unajua alivyo, humgusi. Losalini, akiwa amejiegemeza dirishani, akasema wake wamejaribu kuwabadilisha waume tangu enzi na enzi na wa kwake hajasogea hata herufi, kwa hiyo hiyo sifa ilishatangazwa na Mungu, wasijisumbue.

Hapo Wingu alisimama. Macho yalikuwa yanamng'aa, na Praveena alijua hakuna jema linalokuja. Alisema wanapoteza nafasi bure kwa kumpa kila mwanamke mume wake. Sifa inaweza kutangazwa mara moja kwa aina nzima, wote wakaichangia. Mume mmoja wa chama. Anashikwa na wote, hafagiwi kamwe, na simu inabaki nyepesi.

— Haba na haba hujaza kibaba, aliunga mkono Mabano.

— Jumapili huyo mume anakula kwa nani? aliuliza Losalini.

— Zamu, alisema Wingu.

— Na akiumwa mgongo, wajane ni wangapi?

Wakaanza kubishana juu ya hilo kwa dhati, Mabano akisema wajane pia watangazwe mara moja, awe mjane mmoja. Katikati ya mabishano ndipo Praveena alipomwona mzee mmoja amesimama mvuani na mwavuli, amevaa sulu, shuka la kiunoni, iliyopigwa pasi, anasubiri wanyamaze.

— Samahani, wanangu. Ofisi ya simu ya akina mama ndiyo hii?

— Ndiyo, Mzee. Karibu. Nikusaidie nini?

— Mimi ni Waisake, mume wa Torika. Ni mmoja wa wale waliopotea.

Praveena akainuka akampisha mahali pakavu. Akaomba radhi kwa heshima zote, kisha, kwa kuwa mzee alitaka kujua hasa alipotelea wapi, akamweleza bila kuficha. Na alipokuwa akieleza, jibu alilolitafuta asubuhi nzima likamjia lenyewe: chama ni cha wake, orodha inawashika wake, basi mke amshike mume kwa nguvu, na mume amshike mke kwa ulegevu. Hakuna atakayefagiwa, na simu haitaganda. Alijisikia mwepesi. Kesho angeweza kusimama mbele ya akina mama.

Mzee Waisake alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia. Aliendesha winchi bandarini maisha yake yote, mambo ya kushika na kuachia aliyaelewa haraka. Akasema mkewe jana alirudi akicheka sana habari ya pale patupu, akacheka mpaka akalia, na akawa analia tu. Jumatatu alikuwa anapelekwa Auckland kufanyiwa upasuaji wa moyo. Kamati ilikuwa inajua. Praveena hakuwa anajua.

— Kwa hiyo orodha inamshika yeye, alisema mzee, na yeye ananishika mimi.

— Ndivyo, Mzee.

— Sasa akitoka yeye kwenye orodha, mimi nashikwa na nani?

Praveena alijua kinachotokea ndani ya simu. Alikitazama kichwani, mstari kwa mstari: asiyeshikwa na yeyote hufagiwa. Angeweza kusema ataongeza orodha ya waume, kazi ya nusu saa, na angeiongeza jioni ile ile. Lakini mzee hakuwa anauliza habari za simu. Mabano akakung'uta mwavuli wa mgeni akauegemeza ukutani.

Mzee alisubiri, bila haraka, kwa imani kabisa kwamba hawa ni watu waliosoma na wanatafuta tu maneno mepesi ya kumweleza.

Losalini akainamisha birika kwenye kikombe cha mgeni. Likatoa matone mawili matatu, kisha machicha. Akasema kahawa imekwisha, na kwamba anafunga. Hakuna aliyeinuka.