Wasifu wa Elvis Rading, Kipa Ambaye Hakuugua kwa Muda Mfupi

Marehemu Elvis Rading alizaliwa tarehe 14 Februari 2003 hapa Sori, Kaunti ya Migori, akiwa kitinda mimba wa Mzee Zablon Rading na Mama Truphena. Mimi ninayesoma ni dada yake, Risper.

Udakaji alijifunzia kwenye omena, dagaa wa ziwa letu. Mama alipoanika omena ufuoni, Elvis aliachwa awafukuze ndege. Badala ya kurusha mawe, alijirusha mwenyewe, huku na huku, mpaka siku moja akaangukia wavu mzima na kuisaga omena yote chini ya tumbo. Mama alimchapa, kisha akacheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo tulimwita Kipa.

Alisoma hapa Nyatike na kumaliza kidato cha nne mwaka 2021. Karo ya chuo haikuwepo, hivyo alikwenda kisiwa cha Remba kubeba barafu na samaki wa mbuta, na jioni akidaka mpira na wavuvi. Huko ndiko alikoonwa na Mwalimu Monari, kocha wa chuo kimoja upande wa Homa Bay. Jina la chuo hicho hatukulichapa. Halistahili kukaa karibu na jina la Elvis.

Agosti 2023 Monari alikuja katika boma hili, akala jogoo wa mama, akasema, "Mama, huyu atasoma bure bora atudakie. Mimi nitamchunga kama mtoto wangu." Mama alimwamini. Elvis alisomea ufundi wa umeme, na taa iliyo juu ya mlango ule ni kazi ya mikono yake.

Hakuoa. Alikuwa amemleta Mourine, mchezaji wa netiboli wa chuo hicho hicho, amsalimie mama. Mourine ndiye aliyetusimulia yaliyotokea, ingawa ameonywa kwamba akifungua mdomo atapoteza nafasi yake ya masomo.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Wiki iliyopita Mwalimu Monari alinipigia simu. "Dada Risper, hii maneno tusifanye kubwa. Kwa programu andika tu aliugua kwa muda mfupi. Chuo italeta mahema."

Mahema tunayo. Na Elvis hakuugua. Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, katika nusu fainali, goti la mshambuliaji lilimgonga kichwani. Alitapika. Jioni akamwita Mourine kwa jina la mama. Mourine alimkimbilia kocha: "Mwalimu, Elvis hayuko sawa, apelekwe hosi." Akajibiwa, "Hiyo ni jua tu. Jumapili ni fainali. Asipodaka, masomo ya bure imeisha."

Jumapili alidaka, katika uwanja wa chuo chao. Kipindi cha pili aliuacha mpira mwepesi ukapita, akaketi golini, na hakusimama tena. Uwanjani hapakuwa na daktari wala ambulensi, na bima hakuwa nayo. Gari la chuo lilikuwepo, lakini lilingoja kombe likabidhiwe kwanza. Elvis alifariki Jumanne tarehe 10 Juni. Damu ilikuwa imevujia ndani ya ubongo.

Tulikwenda kwenye ofisi moja ya serikali kuuliza ni nani humruhusu mwanafunzi aliyeumia kichwa kurudi uwanjani. Tukaambiwa, "Hiyo ni kazi ya kocha." Ng'ombe havuki kutoka kaunti hii kwenda ile kabla daktari wa mifugo hajampima. Ndugu yetu alivushwa kutoka nusu fainali hadi fainali bila mtu kumgusa hata paji la uso. Tunataka sheria: daktari aamue, si kocha, kila mchezaji awe na bima, na mwanafunzi asinyimwe masomo kwa sababu ameumia akiichezea shule yake. Kwa polisi tumeshaandikisha kesi, na hatutaifuta hata tukiletewa nini.

Mchungaji ametuomba tusamehe. Tumemsikia. Baba naye amesema mwanawe atapelekewa buru, ingawa kwa desturi kijana asiyeoa hapelekewi. Katika buru, kifo hufukuzwa kwa mafahali na kelele hadi kilikotoka, na hiki kilitoka kwenye lile goli. Kesho alfajiri mafahali wetu watatoka hapa, wavuke mpaka wa kaunti, waingie uwanja wa chuo. Daktari wa mifugo amewapima wote.

Chakula kipo kwa kila mgeni. Mwalimu Monari, uliyeketi safu ya tatu na tracksuit ya chuo, utapewa kuku wa mama kama ile siku ya kwanza. Kula. Maikrofoni hutapewa.

Marehemu ameacha wazazi wake, mimi dada yake, Mourine, na wachezaji wenzake ambao hata leo wakiumia wanangoja neno la kocha.

Elvis Rading apumzike kwa amani. Mwalimu Monari, wewe hatutakuacha upumzike.