Usingizi wa Gasper

Land Rover ya mnunuzi wa korosho ilikuwa ikipanda mlima kwenda Newala, na Flora, mwalimu wa Lulindi, akawa anasikiliza bila kutaka. Mbele yake Mama Gasper wa Kitangari alikuwa amempakata mwanawe, kofia ya mtumba imegoma kufika masikioni. Soko huria lilikuwa limeleta kofia za kila kichwa, isipokuwa hicho.

“Kichwa kilijaa maji, bibi,” mama alimweleza kikongwe aliyekaa naye. “Huko Dar wakamtia mpira chini ya ngozi, uyateremshe tumboni.”

“Mpira ndani ya mtu? Kautoe, mjukuu wangu. Utamuua!”

“Niutoe, na ndio uliomponya? Alikuwa halali, kilio tu. Sasa tangu juzi amelala fofofo, hata kunyonya hataki. Anatapika kidogo, analala tena.”

Flora aliinama kumtazama mtoto. Binti yake Julia, aliyetiwa mpira kama huo, alilala hivyohivyo ulipoziba, naye akamshukuru Mungu kwa utulivu ule, mpaka alipomgusa akamkuta wa baridi.

“Mama Gasper,” alisema, “huo si usingizi. Mpira umeziba. Mrudishe hospitali leo hii.”

“Dada, mwache mwanangu apumzike.”

“Umesikia?” bibi akadakia. “Utoe!”

“Siutoi!”

Walibishana hadi gari liliposimama sokoni Newala. Flora alimshika mkono, mama akajinasua, akashuka huku akiwasihi waliokuwa wakiteremsha magunia: “Taratibu jamani, msije mkamwamsha.”