Majivu ya Mzee Valeriani

Mzee Valeriani Hhando anastaafu leo Jumanne, tarehe 30 Septemba 1969, baada ya kuwatembeza wageni na mbwa wao kwenye msitu wa mto wetu hapa Karatu kwa miaka kumi na miezi minane. Cheti cha utumishi mwema hatapewa. Kwenye jalada lake kuna barua moja ya onyo, na kanuni ni kanuni. Barua hiyo ndiyo iliyomfanya mwandishi wa wasifu huu ashindwe kula wiki nzima.

Mzee aliajiriwa Februari 1959 akitokea Qurus. Kule juu Ngorongoro mbwa hawaruhusiwi, basi wenye mashamba, walimu na wauguzi waliotaka kutazama wanyama bila kuwaacha mbwa wao nyumbani walikuja kwetu. Aliwaonyesha pongo wakinywa maji, tumbili, na hondohondo wenye makelele juu ya mikuyu. Lakini kwanza mbwa alisailiwa! Alifungwa nusu saa miguuni pa Mzee, naye Mzee akinywa chai, akimwita kwa jina na kumpa vipande vya nyama. Aliyewabwekea kuku wa jikoni alirudishwa kwao, hata kama bwana wake ni mkubwa wa serikali. Mama Bernadina, mkewe, amelalamika miaka yote kwamba viroboto wa Karatu nzima wamehamia kwake.

Msituni alibeba kifuko cha majivu. Kila kona alikitikisa kidogo. Majivu yakipeperuka kurudi nyuma, wanyama hawatunusi, twende. Yakitangulia mbele, tunageuza. Kukijaza ilikuwa kazi ya msaidizi wake, tena kwa majivu ya jiko la chai tu.

Asubuhi moja ya Agosti 1964 msaidizi alichelewa. Kwa haraka akazoa majivu pale alipochomwa mbuzi wa Jumapili, yamelowa mafuta. Mgeni alikuwa Mwalimu Lukresia, na mbwa wake Bosi, na mama yake mzazi anayetembelea fimbo.

Kona ya tatu Mzee akatikisa kifuko. Bosi akanusa nyama, akaruka, ugwe ukamponyoka Mwalimu. Akabweka hadi kwenye matete, na humo alikuwa amelala mbogo dume. Lahaula! Mbwa anayefukuzwa na mbogo hukimbilia kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amemshika mkono bibi asiyeweza hata kutembea haraka. Tulisikia matete yakivunjika yakija kwetu.

Mzee hakukimbia. Alichepuka peke yake hadi ukingoni mwa mto, akamwita Bosi kwa sauti ileile ya kwenye chai. Mbwa akageuka katikati ya njia, akamfuata yeye, na mbogo nyuma yake. Mzee akamkumbatia, wakaporomoka pamoja kwenye mawe ya mtoni. Mbogo alisimama juu akikoroma kwa muda ulioonekana kama siku nzima, kisha akaondoka. Goti la Mzee halijapona mpaka leo.

Ofisini wakauliza nani aliyejaza kifuko. Msaidizi alikuwa kwenye majaribio. Angefukuzwa siku hiyohiyo. Kabla hajafungua mdomo, Mzee alijibu kwamba kifuko ni chake na majivu ni yake. Akapewa barua, akavuliwa uongozi wa njia.

Nimechoka kumwita msaidizi, msaidizi. Ni mimi, Inosenti. Miaka miwili baadaye nilipewa nafasi ileile aliyovuliwa, na Mzee aliniita kiongozi mbele ya wageni bila kunikebehi hata siku moja. Kila nikitaka kusema, alinikatiza kwa kuniuliza habari za watoto. Na mimi, kusema kweli, nilifurahi kukatizwa. Nilikuwa mwoga.

Bwana Meneja, naomba barua ile itolewe kwenye jalada lake leo, kabla vyeti havijagawiwa, iingizwe kwenye langu. Mwalimu Lukresia yumo ukumbini, muulizeni.

Mzee Valeriani, ahsante kwa maisha ya watu watatu na mbwa mmoja. Tunakuombea afya, mvua za kutosha shambani Qurus, na uzee usio na viroboto. Kiti cha mbele ni chako. Mimi nitasimama pale mlangoni, nikingoja barua yangu.