Neno Ambalo Mwalimu Limau Aliacha Kulitamka

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu tumkumbuke mtu mmoja. Alikuwa mwalimu wa fizikia, miaka thelathini na mmoja katika maabara ileile. Wanafunzi walimwita Mwalimu Limau. Ametutoka Jumanne iliyopita.

Jina lilitokana na kazi. Aliweka limau sakafuni, akalinyanyua polepole mpaka mezani. Nishati iliyotumika hapo, aliwaambia, ni karibu jauli moja, kwa hiyo mvivu hana cha kujitetea.

Jauli. Ndivyo alivyolitamka neno joule, kipimo cha nishati. Fizikia aliisoma peke yake vitabuni, na kitabu hakina mdomo.

Kisha binti yake, kitinda mimba, akamaliza chuo na kupangiwa kufundisha shule hiyohiyo. Siku ya kwanza aliingia maabara ya baba yake, akakaa nyuma. Limau likapanda.

"Baba, si jauli, ni juli," akasema. "Chuoni wangekucheka."

Darasa zima likaangua kicheko. Binti naye akacheka.

Mzee akajipangusa chaki mikononi. "Ahsante, mwalimu."

Miaka sita, wasikilizaji wapendwa. Miaka sita hakulitamka tena neno lile. Aliliandika ubaoni, akaligonga kwa chaki, akaendelea na somo. Na nyumbani, binti aliyekuwa akiitwa "mama" tangu utotoni akageuka "mwalimu". Mwalimu, nisogezee chumvi. Mwalimu, funga huo mlango.

Binti aliona baba ni mbishi tu. Akamnunulia kamusi nene. Akamsikilizisha maprofesa kwenye simu, mmoja baada ya mwingine. Mwishowe, kwa kutaka amani, akamwambia hata jauli ina watetezi wake, wataalamu wameshabishana. Mzee alisikiliza kwa adabu, akamrudishia simu, akasema ahsante, mwalimu.

Jumanne moyo wake ukasimama, kabla hata gari la wagonjwa halijafika.

Baada ya maziko, mjane alimwita binti chumbani. Mjane mwenyewe ametuambia alichosema: "Baba yako alijua uko sahihi tangu jioni ya siku ileile. Hakuwa anangoja kamusi. Alikuwa anangoja useme, baba, nisamehe nilikucheka."

Binti aliuliza kama mzee aliwahi kulisema hilo kwa mdomo wake. Mama akajibu ndiyo, alilisema mara mbili.

Jana binti alishika darasa la baba yake. Mwanafunzi mmoja akauliza lile neno la ubaoni linasomwaje, maana mwalimu wao hakuwahi kulisoma.

"Linasomwa juli," akawaambia. "Baba yangu alisema jauli, nami nikamcheka mbele za watu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kwa mjane, kwa binti na kwa shule nzima, poleni sana. Mola amlaze mahali pema.

Nawe unayetusikiliza, pengine yuko mtu uliyemsahihisha na ukamcheka. Mwendee leo, angali hai. Ushahidi uache nyumbani.