Siku Vibaraza vya Ay Amatullah Vilipokuwa Vibichi

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Harar, Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Utamaduni, Daktari Imad, mkurugenzi wa jumba la makumbusho, Aw Redwan, mlezi wa nyumba ya miswada, Ustadh Abdulmuheimin na waimbaji wako, wazee wetu, mama zangu na dada zangu wa chama chetu cha afocha, majirani mliobaki ndani ya ukuta, na ninyi mliohamia nje mkatujia leo na viatu vipya: amani iwe juu yenu nyote.

Kama yupo niliyemtaja chini ya mahali pake, naomba radhi mapema. Mpangilio huo wa majina umenisumbua kuliko hotuba yenyewe, maana nawajua watu wangu. Sisi tutamsamehe mtu aliyetukanyaga mguu, lakini aliyetuketisha chini ya mdogo wetu tutamsimulia mpaka kwa wajukuu.

Mimi ni Rawda Tewfik, katibu wa afocha ya mtaa huu wa Aw Sirajudin. Kazi ya afocha mnaijua: kuozana na kuzikana. Lakini kwa muda mrefu arusi zetu zilikuwa zimehamia nje ya ukuta, kwenye kumbi za viti vya plastiki, na humu uchochoroni tukawa tunarudi kwa misiba tu. Nawauliza, mtaa unaorudiwa kwa misiba tu, huo bado ni mtaa au ni njia ya makaburini?

Mvua za mwaka juzi ziliangusha paa la chumba cha nyuma katika nyumba ya mama yetu Ay Amatullah, nyumba hii iliyo mgongoni mwangu. Mwanawe Nebil akamchukua akaishi naye ghorofani, mji mpya. Mtoto mwema, simsemi vibaya. Ila huko juu mama alikuwa anakaa dirishani kutwa, na chakula anakirudisha nusu. Akawa anasema jambo moja tu: "Nirudisheni kwangu." Nebil naye alikuwa na mnunuzi mlangoni, mtu mwenye nia ya kubomoa na kusimamisha maduka. Akatuita sisi wa afocha akasema, "Shangazi Rawda, nawapa mpaka sikukuu ya Arafa. Mkipata watu wa kuisimamisha nyumba, mama arudi. Msipopata, nauza, na msinilaumu." Tulimlaumu hapohapo, kwa kuwa ndiyo kazi ya mashangazi, lakini tulijua anasema kweli. Na tulijua pia kwamba nyumba hii ikianguka, zinazoiegemea kulia na kushoto hazitachelewa kuifuata.

Basi tukawaita wakubwa. Makumbusho ina mafundi wanaojua boriti za kale. Nyumba ya miswada ina wanafunzi wa kujalidi vitabu. Waimbaji wana vijana wenye mabega. Sisi tuna sufuria na ndimi. Nani angesema watu kama hao watashindwa na paa moja?

Tulishindwa, wapendwa, na hata paa hatukuligusa. Tulishindwa na mahali pa kukaa.

Kikao cha kwanza tulikifanya humu ndani, katika chumba cha mbele kilichokuwa kizima. Mliozaliwa humu mnajua vibaraza vyetu vya udongo mwekundu, hizi nadaba, kwamba kila kimoja kina cheo chake, na kile cha juu ni cha mkubwa wa shughuli. Daktari Imad aliwahi, akakipanda. Aw Redwan akafika, akachungulia, akamwona mwenzake kule juu. Akabaki mlangoni na kiatu kimoja mguuni. "Ee," akasema, "nimekumbuka nimeacha birika motoni." Akaondoka. Birika la Aw Redwan! Mtu ambaye hajawahi kuchemsha maji tangu aoe!

Kikao cha pili Aw Redwan alikuja mapema, hata majogoo walimshangaa, na kibaraza kikawa chake. Siku hiyo Daktari Imad ndiye aliyekumbuka goti lake linauma, haliwezi kukunjwa mahali pa chini. Cha tatu, Ustadh Abdulmuheimin aliwashinda wote wawili. Hakukaa yeye. Aliiketisha ngoma yake kwenye kibaraza cha juu, akasema, "Huyu ni mzee kuliko sisi sote." Wakatoka wote watatu wamenuna, na ngoma ikabaki inaongoza kikao peke yake.

Mnacheka. Sisi tulikuwa tunalia, maana Arafa ilikuwa inakuja na Nebil alishaanza kupokea simu za mnunuzi.

Habari zikamfikia Ay Amatullah kule ghorofani. Siku ya kikao cha nne akamwambia mwanawe ampeleke nyumbani kwake alfajiri. Tulipofika tulimkuta kainama, kanga kiunoni, mikono imezama kwenye udongo mwekundu hadi viwiko. Ilikuwa majira ya kusiriba, kila nyumba inajiandaa kwa Arafa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumlaumu. Alikuwa amevisiriba vibaraza vyote, cha juu mpaka cha chini. Vyote vibichi.

"Msikanyage!" akapaza sauti. "Atakayeweka mguu atanisiribia upya."

Wakubwa watatu wakabanana hapo mlangoni, viatu mkononi.

"Sasa Ay," Daktari Imad akauliza kwa upole, "sisi tutakaa wapi?"

"Kwani mlikuja kukaa?"

Akachota udongo mwingine. Kisha akasema, "Haya, semeni hivyohivyo mmesimama. Mnaitakia nini nyumba yangu?"

Daktari Imad akasema ingefaa kuwa tawi la makumbusho, vikapu ukutani, vyombo mahali pake, wageni waone maisha ya zamani. Aw Redwan akasema hapana, humu mna utulivu, panafaa kusomea miswada. Ustadh akasema sauti humu ndani inarudi vizuri, pawe pa mazoezi. Na sisi afocha, msidhani tulikuwa malaika, tulikuwa tumeshalipigia hesabu jiko lake kwa ajili ya shughuli zetu.

Ay Amatullah alitusikiliza sote, udongo unamkaukia mikononi. Akauliza, "Kumbe kila mmoja ana kazi ya kuipa nyumba. Na mimi mmenipangia kazi gani?"

"Ay, wewe tutakuenzi sana," Daktari Imad akasema. "Hata vazi lako la arusi tutaliweka mahali pa heshima."

"Na ndani ya vazi atakuwemo nani? Imad mwanangu, mimi sijafa. Nyote mnaitaka nyumba yangu ikiwa tupu. Mnunuzi wa Nebil naye anaitaka tupu. Niambieni, ninyi na yeye mmetofautiana nini?"

Waheshimiwa, nimesikia hotuba nyingi katika mji huu, nyingine kutoka kwenu, na zilikuwa nzuri. Hakuna iliyonichoma kama swali lile.

Mama hakutungoja tupate jibu. Alimsukumia Daktari Imad beseni la udongo. "Kunja mikono. Ukuta ule haujaguswa." Na mkurugenzi wetu, mtu wa tai na miwani, akakunja. Sitasema alisiriba vizuri; Ay aliufuta udongo wote akarudia. Lakini alisiriba. Aw Redwan akashika beseni upande wa pili. Na watu wakiwa na udongo hadi viwiko, wenye migongo iliyoinama sawasawa, mkubwa humjui wala mdogo humjui.

Mambo yaliyoshindikana kwa vikao vitatu yalimalizwa kabla ukuta haujaisha. Makumbusho ikatoa mafundi wa boriti. Nyumba ya miswada ikahamishia karakana yake ya kujalidi hapa ng'ambo, katika duka lililokuwa limefungwa, ili wanafunzi wapite humu kila siku na muuza sambusa aliyeuhama mtaa apate sababu ya kurudi. Waimbaji wakaja kupandisha boriti kwa nyimbo, na Nebil mwenyewe, aliyetuwekea tarehe, alionekana amebeba ncha nzito huku shati limechanika. Sisi tulipika. Paa lilifungwa kabla ya Arafa, na Ay akarudi kwake. Kisha tukahamia nyumba ya kulia, kisha ya kushoto, na leo mnaona wenyewe kuta zilivyopakwa, na watoto wanavyotupigia kelele nyuma ya jukwaa. Msiwanyamazishe. Tuliwatafuta sana.

Nawasifu, ndugu zangu viongozi, na sifa hii mmeitolea jasho. Makumbusho imejifunza kuilinda nyumba bila kumtoa mwenyewe. Mtaa unaofuata umeshatuita, na tutakwenda tukiwa na mabeseni yetu. Viti tutaviacha ofisini.

Mheshimiwa Meya, imebaki ratiba yako. Imeandikwa kwamba utakata utepe na kuwaongoza wageni kuingia. Utepe uko hapo uchochoroni, ukate, uchochoro ni wetu sote. Lakini mlango huu hatukuufunga utepe. Jana nilimuuliza Ay Amatullah kama wageni wataruhusiwa kuingia. Akasema, "Waje. Ila wabishe hodi kama watu. Nikiwa nimelala, nimelala."

Kwenye nyumba zilizo tupu tunaingia tu, waheshimiwa. Hatumwombi mtu ruhusa, kwa kuwa hamna mtu. Kwa hiyo leo nakuomba, Meya, mbele ya watu wako wote, usimame pale mlangoni ubishe hodi, kisha usubiri. Nasi tutasubiri pamoja nawe, hata akichelewa, kwa sababu humo ndani yumo wa kutujibu.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Tafadhali, Mheshimiwa, bisha.